Mwanafunzi wa kiwandani: Msomi aliyeishi kati ya chuo kikuu na mapipa ya bia

Fungua tasnifu yoyote ya shahada ya pili iliyopimwa kwa takwimu, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, uende moja kwa moja sura ya nne. Pale kwenye majedwali, kabla mwandishi hajatamka kama mbegu mpya ya mahindi imeizidi ile ya zamani au kama wanafunzi wa bweni wamewapita wa kutwa, utakutana na herufi moja ndogo: t. Mtafiti ameibonyeza kwenye kompyuta, msimamizi ameipitisha, mtahini wa nje ameikubali. Ni wachache wanaojiuliza kipimo hicho kilitoka wapi.

Kilitoka kwenye kiwanda cha bia. Aliyekibuni aliitwa William Sealy Gosset, mwajiriwa wa Guinness mjini Dublin, Ireland. Makala aliyokitangazia ilichapwa Machi 1908 katika jarida la Biometrika la London, lakini ukiitafuta humo hutaliona jina lake. Chini ya kichwa cha habari kuna neno moja tu: Student, yaani Mwanafunzi.

Kazi aliyoifanya Gosset siku hizi ina cheo chake. Mwaka 2008, miaka 100 baada ya makala ile, DJ Patil wa LinkedIn na Jeff Hammerbacher wa Facebook walikuwa wakitafuta jina la kuwaita watu wao waliofumbua maana ndani ya lundo la tarakimu. Wakawaita wanasayansi wa data. Tangu hapo vijana wengi waliosoma takwimu, hisabati au kompyuta wamekuwa wakisumbuliwa na swali moja: nibaki chuoni niwe mhadhiri, au niende kwenye kampuni?

Wazee wetu wana jibu la haraka kwa wanaotaka vyote. Njia mbili zilimshinda fisi. Maisha ya Gosset yanatulazimu kuisikiliza methali hiyo upya. Fisi alipasuka kwa kuwa alifuata harufu mbili. Gosset alipita njia mbili akifuata harufu moja.

KIWANDA KILICHOAJIRI WASOMI

Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876, mtoto wa kwanza wa ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Angefuata nyayo za baba yake, ila macho yalimwangusha. Akasoma New College, Oxford, akapata daraja la kwanza katika hisabati na tena katika kemia. Mwaka 1899, akiwa na miaka 23, akavuka bahari kwenda Dublin kuanza kazi.

Kiwanda alichoingia hakikuwa kidogo. Guinness kilianzishwa 1759, na kufikia mwisho wa karne ya 19 kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya bia duniani. Kuanzia 1893 kilikuwa kikichukua vijana wa sayansi kutoka Oxford na Cambridge. Sababu yake ataielewa yeyote aliyewahi kukaa kilabuni. Mgema wa mnazi hupima tembo lake kwa ulimi, na akilitia maji wateja watamwambia jioni hiyo hiyo. Anayepika mamilioni ya mapipa kwa mwaka hawezi kuonja kila pipa. Anahitaji kujua mapema kama shayiri ya mkulima huyu ni nzuri, kama kimea kimetoa utamu wa kutosha, kama hamira iliyomo kwenye kimiminika ni nyingi au chache. Anapima kidogo, kisha anahukumu kingi.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Vitabu vya takwimu vya wakati ule viliandikwa kwa ajili ya watu wenye vipimo mamia na maelfu. Kiwandani, jaribio la mbegu ya shayiri lilifanywa kwenye mashamba manne, pengine sita. Kimea kilipimwa mara mbili au tatu, kwa kuwa kila kipimo kilikula muda na pesa. Je, wastani wa vipimo vitatu unaweza kuaminiwa? Na kama hauaminiki, vipimo vingapi vinatosha?

Novemba 1904 Gosset aliwaandikia wakubwa wake ripoti ya ndani kuhusu jambo hilo. Mfano mmojawapo aliofanyia kazi ulihusu utamu unaotolewa na kimea. Kiwanda kilikuwa radhi kuvumilia kosa lisilozidi nusu digrii kwenye kipimo cha utamu. Gosset akachukua vipimo vingi vilivyokwisha kufanywa, akavipanga viwili viwili, vitatu vitatu, vinne vinne, akaona wastani wake unapotoka kwa kiasi gani. Kwa vipimo viwili, wastani ulikaa ndani ya mpaka ule mara 4 katika kila 5. Kwa vitatu, mara 7 katika kila 8. Kwa vinne, mara 12 katika kila 13. Lengo lilikuwa kupatia angalau mara 10 kwa kila kosa moja. Basi, akaandika, vipimo vinne vinatosha.

Jibu lile lilikuwa limebeba bei ndani yake. Msomi wa chuoni angeuliza tu kama matokeo ni ya kweli. Gosset aliuliza pia: uhakika huu utatugharimu kiasi gani, na tukikosea tutapoteza nini? Swali hilo halikumtoka maisha yake yote.

BAISKELI HADI KWA PROFESA

Hata hivyo alijua hesabu zake zina shimo. Julai 1905, akiwa likizoni Uingereza, alipanda baiskeli hadi kijiji cha East Ilsley kumwona Karl Pearson, profesa wa University College London na mwamba wa takwimu wa zama zile. Kwa maelezo ya Gosset mwenyewe, kikao cha kama nusu saa kilitosha kumwonyesha njia ya kujifunza karibu mbinu zote zilizokuwapo. Mwaka uliofuata kampuni ilimruhusu aende London, akakaa katika maabara ya Pearson hadi 1907.

Kijana anayesita kati ya chuo na kampuni aitazame picha hiyo vizuri. Kiwanda cha bia kilimtoa mfanyakazi wake zamu ya kila siku, kikampeleka kwenye maabara ya chuo kikuu, kwa imani kwamba atarudi na kitu. Naye Pearson akampokea, akamsaidia hesabu, akamfungulia kurasa za jarida lake. Kitu kimoja tu profesa hakukiona, nacho ni uzito wa swali lenyewe. Yeye alikuwa na vipimo vya miili ya watu kwa maelfu, na sampuli ndogo aliziona shida ya wapika bia wasio na subira.

Gosset alirudi kwenye shida yake ya wapika bia. Alichukua urefu wa wahalifu 3,000 na urefu wa kidole chao cha kati cha mkono wa kushoto, takwimu zilizokuwa zimeshachapwa na mtafiti mwingine. Akaandika kila jozi kwenye kipande cha karatasi ngumu, akavichanganya vipande 3,000 kama mchezaji karata, akavitoa vinne vinne. Akapata sampuli 750. Kwa kila moja alitafuta wastani na mtawanyiko kwa mkono, kisha akalinganisha na fomula aliyokuwa ameikisia. Zikashabihiana. Kompyuta ya leo hurudia zoezi la aina hiyo mara laki moja kabla chai haijapoa. Yeye alikuwa na vipande vya karatasi na uvumilivu.

Alichogundua kinaelezeka hata sokoni. Ukionja machungwa manne kati ya gunia zima, unaweza kudanganyika kuhusu utamu wake, na unaweza kudanganyika pia kuhusu jinsi yanavyotofautiana. Manne uliyookota yakiwa yamefanana kwa bahati tu, utaondoka na imani kubwa kuliko inavyostahili. Kwa hiyo tahadhari yako sharti ipanuliwe, na jedwali la Gosset linasema ipanuliwe kiasi gani. Mwenye sampuli kubwa anayetaka uhakika wa asilimia 95 huzidisha kosa lake kwa 1.96. Mwenye sampuli ya vipimo vinne anatakiwa kuzidisha kwa 3.18. Vipimo vinavyoongezeka, namba hiyo inashuka taratibu kuelekea ile ya sampuli kubwa.

JINA LILILOZUIWA

Kwa nini basi Mwanafunzi? Guinness kiliogopa washindani. Awali mfanyakazi mmoja alikuwa amechapisha mambo ya ndani, na tangu hapo uchapishaji ukapigwa marufuku. Gosset aliporuhusiwa, alipewa masharti: asitaje bia, asitaje kampuni, asitumie jina lake. Ndiyo maana makala ile mashuhuri, iliyozaliwa na kimea na shayiri, inazungumzia vidole vya wahalifu na usingizi wa wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amechapisha makala kuhusu kuhesabu chembe za hamira kwa darubini. Nayo ilitoka kwa jina la Mwanafunzi.

Fikiria ingekuwaje kama angekuwa mhadhiri. Jina lingepanda, uprofesa ungefuata. Lakini fikiria pia upande wa pili: kama angekuwa mhadhiri, nani angemletea swali la mashamba manne? Pearson alikuwa mhadhiri na swali hilo alilipita njiani.

Chuo nacho kilileta ambacho kiwanda kisingeweza. Gosset alikuwa amekisia sehemu ya hesabu yake. Uthibitisho kamili haukuwamo. Mwaka 1912 kijana wa Cambridge, Ronald Fisher, alimwandikia barua yenye uthibitisho uliotumia jiometri ya vipimo visivyoonekana kwa macho. Gosset alikiri hakuuelewa, akampelekea Pearson autazame. Miaka ikapita. Mwaka 1922, Gosset alipomtumia Fisher nakala ya majedwali yake, alimtania kwamba pengine ni yeye peke yake duniani atakayeyatumia. Mwaka 1925 Fisher alitoa kitabu chake cha mbinu za takwimu kwa watafiti, jaribio la t likiwamo, na kupitia kitabu hicho likasambaa maabara hadi maabara, shamba hadi shamba, hadi kufika kwenye sura ya nne ya tasnifu zetu.

USUKANI MBELE NA NYUMA

Wakati wote huo Gosset aliendelea kuamka na kwenda kazini. Alioa mwaka 1906, akaishi na Marjory na watoto wao Blackrock, kando ya Dublin. Alilima matunda, alivua samaki, alitengeneza mashua kwa mikono yake. Mojawapo aliiwekea usukani mbele na nyuma, ili imfae mvuvi anayeiacha ielee. Sijui picha inayomfaa zaidi mtu yule.

Aliyehitaji sukani mbili zaidi ni yeye mwenyewe, kwa sababu rafiki zake wawili wakubwa wa chuoni, Pearson na Fisher, walichukiana hadharani, naye akabaki rafiki wa wote wawili. Hii haikumaanisha kwamba alikuwa bendera. Miaka ya 1930 alibishana na Fisher jinsi ya kupanga majaribio shambani. Fisher alishikilia kwamba viploti vigawanywe kwa bahati nasibu. Gosset, aliyekuwa ametembea kwenye mashamba ya shayiri ya Ireland, alisema anayejua rutuba inapanda upande gani anapaswa kuvipanga kwa mizania na kuitumia elimu hiyo. Ubishi huo haukuwa umekwisha alipofariki.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness cha Park Royal. Mwaka 1937 akawa mpishi mkuu wa bia, na tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo akafariki kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Hakuwahi kuwa profesa.

ALIYEKUWA NA OFISI MBILI

Si lazima mambo yaende vile. Marekani, mwanatakwimu John Tukey alishika chuo na kampuni kwa miaka 40, na alichapisha kwa jina lake mwenyewe. Kuanzia 1945 hadi alipostaafu 1985 alikuwa na kazi mbili: chuo kikuu cha Princeton na Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Neno biti, analolijua kila fundi wa kompyuta, ni lake. Mwaka 1962 aliandika makala kuhusu mustakabali wa uchambuzi wa data, akidai kwamba kazi hiyo ni sayansi yenye miguu yake, na kwamba hisabati tupu haiwezi kuimeza.

Mwaka 1965, pamoja na James Cooley wa kampuni ya IBM, alitoa njia ya mkato ya kuchambua mawimbi. Shida iliyowasukuma ilitoka serikalini: namna ya kutambua kwa mitetemo ya ardhi kama Umoja wa Kisovieti umelipua bomu la nyuklia chini ya ardhi. Kazi iliyodai mahesabu kama milioni moja kwa vipimo 1,024 ikashuka hadi kama 10,000. Leo ukoo wa hesabu hiyo umo kwenye simu, redio na mashine za hospitali.

Kwa nini Tukey alipewa uhuru ambao Gosset alinyimwa? Sehemu ya jibu ni kwamba AT&T ilihodhi biashara ya simu Marekani; haikuwa na mshindani wa kuogopa kama wapika bia. Bell Labs iliacha watu wake wachapishe. Humo ndimo lugha ya kompyuta iitwayo S ilimoanzia mwaka 1976, na miaka ya 1990 Ross Ihaka na Robert Gentleman wa chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, wakatunga R kwa kuifuata. R ni bure, na wanafunzi wetu wasiomudu leseni huitumia. Kitu kilitoka kwenye kampuni, kikapita chuoni, kikafika kwa wote, kwa sababu njiani hakuna aliyefunga mlango.

Siku hizi milango inafungwa tena. Geoffrey Hinton, mtafiti wa akili bandia, aligawa muda wake kati ya chuo kikuu cha Toronto na Google kuanzia 2013. Mei 2023 aliondoka Google, akisema anataka kuzungumza kwa uhuru kuhusu hatari za akili bandia. Mwaka 2024 akapata tuzo ya Nobel ya fizikia. Kabla yake, Desemba 2020, Timnit Gebru, mtafiti mzaliwa wa Addis Ababa, alitengana na Google baada ya mvutano kuhusu makala ya kitaalamu iliyokosoa mifumo mikubwa ya lugha. Yeye alisema amefukuzwa. Kampuni ilisema imekubali kujiuzulu kwake. Vyovyote vile, kiini kilikuwa kile kile cha Dublin: nani anaruhusu makala itoke, na itoke na majina ya nani.

NYUMBANI

Afrika Mashariki swali hili si la kuagizwa kutoka nje. Chuo Kikuu cha Makerere, watafiti akina Ernest Mwebaze na John Quinn walianza na shida ya mkulima wa muhogo: batobato na michirizi ya kahawia vinamaliza shamba kabla bwana shamba hajafika. Wakafundisha kompyuta kutambua ugonjwa kwa picha ya jani iliyopigwa na simu. Mwaka 2020 maabara yao iliweka picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo mbele ya wanasayansi wa data wa dunia nzima washindane kuzisoma. Mwebaze alifanya kazi katika maabara ya Google mjini Accra, kisha akarejea Kampala kwenye taasisi ya Sunbird AI. Mikutano ya Data Science Africa, iliyoanzia Nyeri mwaka 2015, ikaenda Kampala 2016 na Arusha 2017, imekuwa ikiwakalisha meza moja watu wa vyuo, wa kampuni na wa mashambani.

Lakini tuna Gosset wengi ambao hawajapata hata jina la bandia. Mhadhiri wetu akipata kazi ya ushauri elekezi, huchambua takwimu za benki, za kampuni ya simu au za mradi, hukabidhi ripoti, hulipwa, na ripoti huishia kabatini. Ndani yake huenda mna jibu la swali ambalo halijawahi kuulizwa kwenye jarida lolote. Ripoti ya Gosset ya 1904 nayo ilikuwa ya kabatini. Isingekuwa safari ya baiskeli, ruhusa ya kampuni na jarida lililofungua kurasa zake, ingebaki huko.

Hukumu yangu ni kwamba kijana asilazimishwe kuchagua. Anayehama kati ya chuo na kampuni akiwa ameshika swali moja hatangitangi. Anachukua swali mahali linapouma na kulipeleka mahali linapoweza kuthibitishwa. Vyuo vyetu vihesabu kazi hiyo wakati wa kupandisha watu vyeo, badala ya kuiona utoro. Kampuni nazo zijifunze kutoka Guinness mambo yote mawili: zimpeleke mfanyakazi wake maabara, na zisimvue jina.

Na wewe unayeitwa kwenye usaili wiki ijayo, ukipewa mkataba usikimbilie mstari wa mshahara. Soma uone data ni ya nani. Soma kama utaruhusiwa kuchapisha, na kwa jina gani. Gosset alikubali masharti aliyopewa. Wewe uliza kabla ya kutia saini.